Kupanga kazi kwa leya katika Inkscape: kutoka faili la fujo hadi filamu za kiroba cha mchele

Kiroba cha mchele wa Kyela kinachochapwa kwa skrini huwa na rangi chache: tuseme manjano ya masuke, kijani cha shamba na nyeusi ya maandishi. Kwenye kompyuta rangi hizo hukaa pamoja kama picha moja. Mezani kwa mchapaji kila rangi ina fremu yake (yenye kitambaa cha skrini cha kupitishia wino), filamu yake (plastiki angavu yenye mchoro mweusi wa kuangazia fremu) na zamu yake. Leya, yaani matabaka ya mchoro yanayoweza kuwashwa na kuzimwa moja moja, ndizo zinazounganisha kompyuta na meza hiyo, kwa hiyo mpangilio wake unapaswa kufuata kazi itakayofanyika baada ya kompyuta kuzimwa.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaunda leya kwa kuangalia picha: leya ya juu, leya ya chini, leya ya nembo, leya ya mapambo. Siku ya kutoa filamu wanakuta nembo ina kijani na nyeusi, mapambo yana rangi zote tatu, na hakuna leya hata moja inayoweza kutolewa peke yake. Kabla ya kuunda leya yoyote jiulize: nikiizima hii, ni kitu gani mezani kitakosekana? Kama jibu ni wino wa kijani, au uzito wa kilo 10, au mstari wa kukatia, leya hiyo ina sababu ya kuwepo. Kama huna jibu, vitu hivyo vifunge kwenye kundi la kawaida, yatosha.

Vitabu husema tabaka, mafundi husema leya, na hapa tutasema leya. Programu ya kuchorea tunayoitumia ni Inkscape, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Tumia toleo la 1.2, lililotoka 2022, au jipya zaidi, kwa sababu hapo ndipo orodha ya leya na orodha ya vitu zilipowekwa kwenye dirisha moja. Menyu zake hazitajwi sana hapa. Tunatumia vitufe, maana vitufe havibadiliki hata ukikuta kompyuta iliyowekwa lugha nyingine.

Leya ni nini ndani ya faili

Faili la SVG, muundo ambao Inkscape huhifadhia michoro, ni maandishi matupu. Ndani yake leya ni kundi la vitu lenye alama ya ziada inayoiambia Inkscape kwamba hili ni leya na jina lake ni fulani. Ukilijua hilo utaelewa mambo matatu ambayo huwasumbua watu kila siku.

La kwanza ni uhifadhi. Ukihifadhi faili kwa muundo unaoitwa Plain SVG, alama zote za Inkscape hufutwa. Vitu vinabaki mahali pake, rangi zinabaki, ila leya zinageuka makundi ya kawaida. Faili la kazi lihifadhiwe daima kama Inkscape SVG, na lile jingine litolewe kama nakala ya kumpa mtu wa tovuti.

La pili ni kwamba leya inaweza kukaa ndani ya leya nyingine, kama kundi ndani ya kundi. Tutatumia hilo kwenye uzito.

La tatu ni mpangilio wa juu na chini. Kitu kilichomo kwenye leya ya chini hakiwezi kupanda juu ya kitu cha leya ya juu, hata ukibonyeza Home mara kumi. Home hukipeleka kitu juu kabisa ya leya yake, End hukishusha chini kabisa ya leya yake, basi. Ukiona umbo linagoma kujitokeza, angalia kwanza liko leya gani.

Kuandaa ukurasa

Bonyeza Ctrl+Shift+D. Weka kipimo kiwe milimita na ukurasa uwe A3 wima, yaani 297 × 420. Kiroba cha kilo 5 kinatosha eneo la kuchapa la 220 × 300 mm, na A3 inakuachia pembeni nafasi ya alama za kulenganisha, yaani za kupanga filamu zote zikae mahali pamoja. Chora mstatili wa 220 × 300, kisha kwenye visanduku vya juu andika X 38.5 na Y 60. Mstatili utakaa katikati ya ukurasa, nao ndio mpaka wa kazi yako.

Fungua pia mipangilio kwa Ctrl+Shift+P, nenda sehemu ya kuingiza na kutoa faili, uhakikishe hifadhi ya kujiendesha imewashwa, kila baada ya dakika 5. Umeme ukikatika mchana wa masika, dakika 5 ndizo utakazopoteza.

Kuunda leya zenyewe

Ctrl+Shift+L hufungua dirisha la leya na vitu upande wa kulia. Ctrl+Shift+N huongeza leya mpya: kisanduku kinatokea, unaandika jina, unachagua ikae juu ya leya uliyopo, chini yake, au ndani yake. Kwa kiroba chetu tengeneza hizi, kuanzia chini kwenda juu:

00 KIELELEZO
10 MANJANO
20 KIJANI
30 NYEUSI, na ndani yake UZITO 5, UZITO 10 na UZITO 25
40 ALAMA
90 MAANDISHI ASILI

Kwenye dirisha utaziona kinyume, ya 90 ikiwa juu, kwa sababu dirisha linaonyesha rundo kama lilivyo. Namba zimeruka kwa makumi ili siku mteja akiongeza wino mwekundu uweke 25 NYEKUNDU bila kubadilisha majina mengine. Majina yawe mafupi na yasiwe na mkwaju (/), maana ukitoa leya kwa mkupuo Inkscape hutumia jina la leya kutengeneza jina la faili.

Manjano iko chini ya kijani kwa sababu mezani nayo inapigwa kwanza. Wino mwepesi hutangulia, mzito hufuata, na nyeusi humaliza. Ukiifanya leya ya chini iwe wino wa kwanza, mchapaji asiyekujua anaweza kufungua faili lako na kusoma zamu za fremu moja kwa moja.

Leya ya 00 ni ya mchoro wa mkono uliopigwa picha au kiroba cha zamani alicholeta mteja. Ingiza picha humo, fifisha leya nzima hadi asilimia 40 hivi, kisha ifunge kufuli. Leya ya 90 ni ghala: humo zinakaa nakala za maandishi ambayo bado yanaweza kuhaririwa, na jicho lake (alama ya kuonyesha au kuficha leya) limefungwa wakati wote. Umuhimu wake utauona mteja anaporudi na namba mpya ya simu.

Sasa angalizo ambalo linastahili kusisitizwa kuliko yote: usitengeneze leya nyeupe. Kiroba chenyewe ni cheupe. Wengi huchora duara jeupe juu ya kijani ili jina lisomeke, na kwenye skrini linapendeza kabisa. Ukizima leya nyingine ubaki na kijani peke yake, kile cheupe hakipo, na kijani kiko kizima bila tundu. Filamu itatoka nzima, jina jeusi litaangukia juu ya kijani kibichi, na hakuna atakayelisoma akiwa hatua tatu. Nyeupe kwenye kiroba ni tundu lililokatwa kwenye wino mwingine, na tundu hilo ni mali ya leya ya wino huo.

Wakati wa kuchora

Chini ya dirisha la Inkscape, kwenye upau wa hali, kuna jina la leya uliyopo sasa. Lizoee jicho lako. Inkscape ina tabia moja ambayo huwachanganya hata wazoefu: ukibofya kitu chochote, programu inahamia kwenye leya ya kitu hicho. Umekuwa kwenye NYEUSI, ukabofya suke kuliangalia tu, ukarudi kuandika anwani. Anwani imeingia MANJANO. Rangi yake ni nyeusi, inaonekana sawa, lakini siku ya filamu itatoka pamoja na masuke.

Dawa yake ni kufuli. Ukifanya kazi kwenye nyeusi, funga manjano na kijani. Leya iliyofungwa haikubali kubofywa, kwa hiyo haiwezi kukuvuta. Ukibofya leya kwa kitufe cha kulia utapata amri ya kufunga leya nyingine zote kwa pamoja.

Kubandika nako kuna sheria yake. Kitu kilichonakiliwa kwa Ctrl+C hubandikwa kwenye leya uliyopo, wala hakirudi kwenye leya kilikotoka. Ukitaka kikae mahali palepale pa awali tumia Ctrl+Alt+V. Kuhamisha kitu bila kukinakili, Shift+Page Up hukipeleka leya ya juu yake na Shift+Page Down hukishusha leya ya chini, bila kukisogeza hata nywele moja kwenye ukurasa.

Jihadhari na Ctrl+G. Ukichagua vitu vya leya mbili tofauti na kuvifunga kundi moja, vyote vinahamia leya moja. Hakuna onyo linalotokea. Kufungua kundi baadaye hakuvirudishi kwao.

Kuokoa faili la zamani lililorundikana

Kazi nyingi zinazofika mezani hazianzi na ukurasa mtupu. Unapewa faili lenye vitu mia mbili kwenye leya moja, mara nyingi limetoka kwenye PDF. Hapa usikimbilie kubofya kimoja kimoja. Fuata hatua hizi.

1. Hifadhi nakala kwa jina jingine. Ya asili usiiguse.

2. Achia kwanza vitu vilivyofichwa kwa kikatio, yaani umbo linaloficha kila kilicho nje yake. PDF nyingi huja zimejaa vikatio, na kila kimoja kinashika vipande vya rangi tofauti ndani yake. Chagua kitu, nenda menyu ya vitu, achia kikatio, kisha futa fremu tupu inayobaki.

3. Bonyeza Ctrl+Alt+A kuchagua vyote, halafu Ctrl+Shift+G kuvunja makundi. Rudia hadi upau wa hali usitaje kundi tena. Herufi za jina zitatawanyika, hiyo ni kawaida, utazikusanya baadaye. Hapo bonyeza Ctrl+Alt+A tena, soma idadi ya vitu chini, iandike kwenye karatasi. Namba hiyo utaihitaji.

4. Tengeneza leya za wino kama tulivyoeleza, juu ya leya ya zamani.

5. Bofya kitu kimoja cha kijani. Kwenye menyu ya kuhariri kuna amri ya kuchagua vitu vyenye sifa zinazofanana. Chagua rangi ya kujaza. Vijani vyote vinakamatwa. Kisha kwenye menyu ya leya chagua amri ya kuhamishia uteuzi kwenye leya unayotaka, bofya 20 KIJANI. Fanya hivyo kwa kila rangi.

6. Zima macho ya leya mpya zote. Kilichobaki kinaonekana ni kile ulichosahau, na kitakuwepo daima. Kwa kawaida ni kijani ambacho si kijani kilekile: kimoja kina msimbo 006b3f, kingine 006c40. Macho hayatofautishi, kompyuta inatofautisha. Vihamishe, kisha vipe vyote rangi moja.

7. Washa leya zote, fungua kufuli zote, bonyeza Ctrl+Alt+A, soma idadi. Inapaswa kulingana na ile ya karatasini. Ikipungua, kuna kitu kimefutika au kimefungwa, kwa sababu amri hiyo huvipita vitu vilivyofichwa na vilivyofungwa.

8. Leya ya zamani ikiwa tupu kabisa, ifute. Isipokuwa tupu usiifute: kufuta leya kunafuta na vilivyomo.

Kuna aina moja ya kitu itakayokusumbua kwenye hatua ya 5: umbo la kijani lenye mstari mweusi pembeni. Ni kitu kimoja chenye wino mbili, na hakiwezi kukaa leya mbili. Kichague, bonyeza Ctrl+Alt+C. Mstari unageuka umbo linalojitegemea, na unapata kundi lenye vipande viwili. Livunje, nyeusi iende NYEUSI, kijani kibaki KIJANI. Kwa sababu hiyo fanya kazi hii kabla ya kuhesabu, la sivyo idadi haitalingana.

Mteremko wa rangi, yaani kijani kinachofifia kuelekea njano, hauna leya. Skrini hupitisha wino au haipitishi. Kwenye sandarusi, ambayo yenyewe imesukwa, ni afadhali kuuondoa na kuweka rangi bapa.

Matundu na kupishana kwa wino

Ukishapanga kwa wino, masuke ya manjano yaliyokuwa juu ya kijani yatatoweka, kwa kuwa sasa kijani ndiyo leya ya juu. Usirudishe manjano juu. Kinachotakiwa ni tundu ndani ya kijani lenye umbo la suke, na manjano iwe kubwa kidogo kuliko tundu hilo ili kingo zake ziingie chini ya kijani. Fremu za mbao, mikono ya binadamu na kiroba kinachoteleza haviwezi kulenga bila kosa la nusu milimita, na bila kupishana huko utaona mstari mweupe upande mmoja wa kila suke.

Chagua suke kwenye MANJANO. Kama lina vipande vingi viunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Bonyeza Ctrl+D kupata nakala juu yake, kisha Shift+Page Up kuipeleka KIJANI, halafu Home iwe juu kabisa ya leya hiyo. Shikilia Shift ubofye umbo la kijani, vyote viwili viwe vimechaguliwa. Bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Kilicho juu kinakata kilicho chini, na tundu limepatikana. Ikitokea kijani chote kimetoweka, ujue mpangilio ulikuwa kinyume: rudi kwa Ctrl+Z, hakikisha nakala iko juu.

Sasa rudi kwenye suke la asili lililobaki MANJANO. Fungua dirisha la rangi kwa Ctrl+Shift+F, ulipe mstari wa rangi ileile ya manjano wenye unene wa 1 mm. Mstari hukaa nusu ndani nusu nje ya ukingo, kwa hiyo suke limepanuka kwa 0.5 mm kila upande. Chagua kona za mviringo kwenye aina ya kona, la sivyo ncha za mpunga zitatoa miiba.

Nyeusi haina haja ya matundu. Iache ipite juu ya kila kitu; inafunika.

Maandishi, uzito na bakodi

Maandishi yakikamilika, nakala yake ipeleke 90 MAANDISHI ASILI kwa kubandika mahali palepale, kisha yale ya NYEUSI yageuze kuwa maumbo kwa Ctrl+Shift+C. Fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya mchapaji haitakudhuru tena. Herufi zisipungue kimo cha 4 mm na mistari isiwe myembamba kuliko 0.5 mm, maana kitambaa cha skrini cha nyuzi 43 kwa sentimita, kinachofaa kwa sandarusi, hukipoteza kilicho chembamba zaidi.

Uzito unakaa kwenye leya za ndani za NYEUSI. Kila moja ina namba yake mahali palepale, na moja tu ndiyo yenye jicho lililofunguliwa. Leya iliyofichwa katika Inkscape haichapwi wala haitolewi. Andika 5 kg, kwa herufi ndogo na bila s. Hiyo ndiyo alama ya kilogramu, na kwenye bidhaa iliyofungashwa Wakala wa Vipimo huangalia uzito. Mteja huyohuyo akileta mchele wa Mbarali, leya mbili za ndani zinatosha kwa jina la mahali pia: ASILI KYELA, ASILI MBARALI.

Bakodi za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Inkscape ina kiongezi cha kuzichora, na inazichora kwenye leya uliyopo, hivyo simama kwanza kwenye NYEUSI. Isiwekwe nyekundu hata kama inapendeza: visomeo vingi hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo pau nyekundu hazionekani. Ukubwa wa kawaida wa bakodi ya tarakimu 13 ni 37.29 × 25.93 mm pamoja na nafasi tupu zake. Kwa skrini ipanue hadi asilimia 150, takriban 56 × 39 mm. Nafasi tupu kushoto na kulia ni sehemu ya bakodi; ikiwa iko juu ya kijani, tundu la kijani likatwe kwa kufuata ukubwa wote huo, usiufuate ukingo wa pau peke yake.

Alama na filamu

Kwenye 40 ALAMA chora duara la 8 mm lenye msalaba, mstari wa 0.25 mm, rangi nyeusi. Nakili hadi ziwe nne, weka moja katikati ya kila upande, 10 mm nje ya mstatili wa kazi. Ongeza mstari wa urefu wa 100 mm kamili chini ya ukurasa. Kisha kwenye kila leya ya wino andika jina la wino huo nje ya eneo la kazi, herufi za 5 mm, kila jina sehemu yake. Filamu tatu zilizopangwa mezani zinafanana sana, na kukosea fremu ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kabla ya kutoa filamu hifadhi faili, kisha hifadhi tena kwa jina lenye neno FILAMU mwishoni. Katika nakala hiyo kila wino ugeuzwe mweusi kabisa. Sababu yake ni printa. Printa ya leza ya nyeusi ikipewa manjano huitafsiri kuwa vidoti vya kijivu. Vidoti hivyo vinapitisha mwanga, emalsheni (dawa inayopakwa kwenye fremu na kuganda kwa mwanga) inagandishwa mahali ilipotakiwa kubaki laini, na ukiosha fremu haifunguki. Mtu hulaumu dawa au jua, kumbe filamu ndiyo iliyovuja. Bofya leya ya MANJANO, Ctrl+A huchagua vilivyomo humo tu, badilisha rangi ya kujaza na ya mstari pia. Ule mstari wa 1 mm ukiusahau, kupishana kote kumekwenda bure.

Sasa washa ALAMA na MANJANO, zima nyingine zote, hifadhi kama PDF. Rudia kwa KIJANI, kisha NYEUSI na uzito unaotakiwa. Chapa kwa asilimia 100. Kile chaguo cha kutosheleza ukurasa kizime kila mara. Pima mstari wa 100 mm kwa rula kwenye filamu zote tatu. Zikipungua zote sawasawa kwa 0.5 mm hakuna hasara. Moja ikitofautiana na wenzake, irudiwe.

Wanaochapa kwenye karatasi ya kupitishia mwanga badala ya filamu ya plastiki waangalie hewa. Karatasi hiyo hunywa unyevu na kutanuka, na joto la printa huikausha na kuibana. Tukuyu wakati wa mvua, na Njombe asubuhi ya ukungu, karatasi iliyotolewa leo haitalingana na ya kesho. Toa zote tatu kwa mkupuo mmoja, kutoka bunda moja, zikiingia printa kwa upande uleule, kisha uzitie kwenye mfuko wa plastiki hadi saa ya kuangaza fremu.

Kwa CorelDRAW, Illustrator na plota ya kukata

Katika CorelDRAW leya ziko kwenye paneli ya vitu, na kila leya ina alama ya jicho na alama ya printa, mbili tofauti. Kufunga jicho peke yake usikutegemee. Zima na printa. Leya za kila ukurasa ni za ukurasa huo, isipokuwa leya kuu, ambazo hujitokeza kwenye kurasa zote. Alama za kulenganisha zinafaa kukaa huko. Katika Illustrator paneli hufunguliwa kwa F7, na kuna chaguo la kukumbuka leya wakati wa kubandika. Liwashe kabla ya kuhamisha kazi kutoka faili moja kwenda jingine.

Faili likihama kutoka programu moja kwenda nyingine, jambo la kwanza ni kupima ule mstari wa 100 mm. Inkscape hutumia nukta 96 kwa inchi na baadhi ya programu hutumia 72, hivyo kazi iliyotoka kwenye programu ya 72 inaweza kufika Inkscape ikiwa robo tatu ya ukubwa wake. Ukiukuta mstari una 75 mm, umeshajua tatizo.

Kwa stika za bajaji zinazokatwa kwa plota, leya moja ni rangi moja ya stika. Hapo hakuna kupanua kwa mstari: plota hufuata ukingo wa umbo na haioni unene wa mstari. Geuza mistari yote kuwa maumbo kwanza.

Ukaguzi wa mwisho kabla ya fremu

Bandika filamu ya manjano kwenye kioo cha dirisha, ipandishie ya kijani, linganisha duara nne. Pembeni mwa kila suke uone mkanda mwembamba mweusi zaidi kuzunguka tundu lote. Huo ndio nusu milimita ya kupishana. Ukionekana upande mmoja na upande mwingine ukawa na mwanya wa mwanga, na duara zote nne zinalingana, filamu hazina kosa: ile nakala ya suke ilisogezwa kabla ya kukata tundu. Rudi kwenye faili la kazi, leya ya KIJANI, ukate upya.